Mke Wako wa Jukwaani

Rafiki yangu Ombati,

Leo ni Jumapili, duka nimelifunga, na mvua ya mchana imeanza kugonga mabati. Ijumaa tulicheza Nyamira. Ndiyo, tulicheza bila wewe. Kuna jambo lililotokea pale jukwaani, na tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta mtu wa kumsimulia. Kila ninayemfikiria naona ataelewa nusu tu. Kwa hiyo nakuandikia wewe.

Ngoja nianze mbali kidogo, unajua siwezi kufupisha.

Siku ulipoingia dukani kwangu hapa mjini Kisii na lile koti la kijivu, nilikuwa nimeshakujua. Nani hakukujua? Ulikuwa yule chifu mwovu wa kwenye televisheni aliyewanyang'anya wajane mashamba. Mimi mwenyewe mjane, nilikuwa nimekulaani mara nyingi kutoka kwenye kochi langu. Ukaniambia, "Fundi, nataka koti la mtu aliyefutwa kazi lakini kila asubuhi bado anajifanya anaenda." Nikacheka. Ukalivaa, ukatembea kutoka mlangoni hadi kwenye cherehani mabega yameanguka, ukaniuliza chakula kiko wapi. Sijui ni nini kilinipata. Nikakujibu kama ningemjibu marehemu mume wangu: "Chakula kipo. Asiyekuwepo ni wewe."

Kisha ukatoa karatasi mfukoni, ukayaandika maneno hayo, ukaniambia nije mazoezini Jumanne. Miaka kumi na minne, Ombati! Yote kwa sababu ya koti.

Baadaye ulinieleza ulivyofika kwenye televisheni. Jinsi mara ya kwanza ulipojaribiwa uigizaji Nairobi uliambiwa umlilie mama yako aliyekufa, ukasahau Kiswahili, ukapiga magoti ukilia "Baba! Baba!" kama tunavyomwita mama kwetu kwa Kikisii, na mwongozaji akauliza kwani aliyekufa ni nani hasa. Walicheka, lakini wakakuchukua. Na jinsi walivyokutoa. Walitaka mpige picha siku ya Jumamosi, wewe ukakataa kwa kuwa ni Sabato, ukakataa tena, ukakataa mara ya tatu. Mwandishi wao akaona njia rahisi. Chifu akagongwa na lori barabarani, hata hatukuonyeshwa lori lenyewe.

Ulipenda sana kusimulia ya sokoni kwenu Ekerenyo. Wiki moja baada ya chifu kufa, ulienda kununua mboga, na yule mama muuza ndizi ambaye kwa miaka alikataa kukuuzia kwa sababu ya mashamba ya wajane akakutazama, akashika mdomo, akakupa mkungu mzima. "Pole," alikuambia. "Hata kama ulikuwa mbaya, lori ni kifo kibaya." Ulirudi nyumbani na ndizi begani, na ulisema ndiyo siku uliyoamua kwamba hutarudi Nairobi. Ulitaka kuwaona watu machoni wanapokutazama.

Ukaandika mchezo wetu. Kila shule ya Kisii na Nyamira tumeucheza, na kumbi za makanisa kadhaa, na siku moja kwenye kituo cha kupimia majani chai kwa sababu ukumbi ulikuwa umefungwa na mwenye ufunguo alikuwa harusini. Wewe mume, mimi mke, na mwalimu Nyakundi akiwa jirani mwenye umbea. Nimekupikia jukwaani chakula kisichokuwepo mara zisizohesabika. Nimekugombeza, nimekusamehe.

Na watu ni watu. Ekerenyo walianza kusema una wake wawili, mmoja wa nyumbani na mmoja wa michezo. Hatukuwahi kulizungumza jambo hili, wewe na mimi, kwa sababu halikuwa na ukweli wa kuzungumza. Lakini mkeo, Mama Moraa, aliyasikia maneno hayo. Katika miaka yote hiyo hakuja kukutazama hata mara moja. Tulipokutana kwenye harambee au msibani alinisalimia kwa ncha za vidole, kisha mkono akaupangusa kwenye leso. Nilimwelewa. Iliniuma, lakini nilimwelewa.

Hospitalini, mara ya mwisho, sauti yako ilikuwa imekwisha. Ile sauti! Ulinivuta nikasogea, nikadhani unataka kuniaga. Ukasema, "Fundi, Nyakundi akichukua nafasi yangu, asiharakishe pale kwenye chakula." Basi. Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yako ya mwisho kwangu, na nimeshakasirika kwa ajili yake, na nimeshacheka.

Siku ya mazishi nilikaa nyuma kabisa, karibu na migomba, ili nisimpe mtu yeyote neno la kusema. Mvua ilitukuta kaburini. Kwaya ya kanisa iliimba vizuri, ungewasifu. Muuza ndizi wako alikuwepo pia, na nilimsikia akimuuliza jirani yake kama safari hii ni kweli. Alipoambiwa ni kweli alikaa chini kwenye nyasi mbichi akalia kuliko wengi wetu.

Baada ya hapo tuliacha. Miezi minne hatukukutana. Nyakundi alisema hawezi kuvaa koti lako, na mimi sikumlazimisha.

Halafu asubuhi moja Mama Moraa akaingia dukani. Peke yake. Nilisimama, utepe wa kupimia ukaniponyoka kutoka shingoni. Nikamwambia, "Karibu, mama, keti." Hakuketi.

"Simu yake bado ninayo," alisema. "Kuna shule ya Nyamira imepiga. Mwalimu anauliza kama ule mchezo bado upo."

"Pole, mama. Ungemwambia…"

"Nimemwambia upo. Ni Ijumaa ya wiki ijayo." Akafunga leso yake vizuri. "Na mimi nitakuja."

Akatoka. Hata sikumsindikiza, Ombati.

Ijumaa ikafika. Ukumbi umejaa wasichana wa shule, wengine wamekaa madirishani. Mama Moraa yuko kiti cha mbele kabisa, mkoba magotini, uso kama wa mtu anayesubiri daktari. Nilimwona. Nikajiambia, leo kila neno tamu nitakalomwambia mume huyu wa kuigiza, mwenye mume analisikia.

Nyakundi hakuwa mbaya. Sauti ni nyembamba, lakini mabega aliyajua. Tukafika pale kwenye chakula. Nimeweka sahani mezani, nimeketi, namngoja akiri kwamba hana kazi tangu mwaka jana. Unajua anachotakiwa kusema. Akanitazama. Nikaona macho yake yamekuwa matupu. Alikuwa amesahau.

Nikamsogezea sahani, labda akumbuke. Hakukumbuka. Wasichana wakaanza kujigeuzageuza. Nikainuka, nikajifanya natafuta chumvi.

Ndipo sauti ikatoka mbele. Si kubwa. Sauti ya mtu anayezungumza jikoni kwake.

"Keti, mke wangu. Leo nitakula baada ya kusema."

Alikuwa Mama Moraa. Neno kwa neno, Ombati, na ule mtuo wako baada ya "mke wangu", mtuo ambao Nyakundi hajawahi kuupata. Ukumbi mzima ukageuka kumtazama, wakidhani ndivyo mchezo ulivyoandikwa. Nami nikageuka, nikamjibu yeye:

"Sema, mume wangu. Chakula hakikimbii."

Akaanza kusema. Alisema mistari yako minne mizima akiwa amekaa vilevile, mkoba magotini, kabla Nyakundi hajajikusanya na kuipokea. Wasichana walilia. Mwalimu mmoja alilia. Mimi nililia machozi ambayo hayakuwa ya mke wa kwenye mchezo.

Baadaye nilimkuta nje, karibu na tangi la maji. Nikamuuliza amejulia wapi. Akanitazama kama niliyeuliza jambo la kitoto.

"Kwani alikuwa anajifunzia wapi? Kwenye chai, tukichuma. Jikoni, nikipika. Yeye anasema yake, mimi namsomea yako. Kila mstari wako naujua. Huyo mke," akasema, "mimi nilikuwa yeye kabla yako, halafu wewe ndiye unayepigiwa makofi."

Nilitaka kuomba msamaha, sijui wa nini. Lakini alikuwa anacheka. Sikuwahi kumwona akicheka. Ana pengo dogo la meno ya mbele, hukuwahi kuniambia. Nami nikacheka, tukashikana mikono pale, mikono yote miwili, hadi gari likaja.

Kwa hiyo ndivyo tulivyo, rafiki yangu. Niko salama. Usiku nalala. Nimeacha kukukasirikia. Kesho tunacheza Nyacheki, na Mama Moraa atakaa nyuma ya pazia kumkumbusha Nyakundi. Nimempa kitabu cha mchezo, akanirudishia, akasema cha nini.

Ameniomba kitu kimoja. Nimsimulie yale ambayo hakuyaona. Nakuahidi nitafanya hivyo, onyesho moja kila safari, tangu la kwanza. Siku ulizokuwa mzuri, na zile ulizoharibu, kwa sababu uliharibu, wala sitakufichia. Ni miaka mingi, itatuchukua muda, na sisi wawili muda tunao.

Lala salama, Ombati. Sisi tunaanza saa nne asubuhi.

Kemunto, fundi wako