Sahihi Niliyomwomba Karimi

Rågsved, Uswidi, Jumanne ya Novemba

Saa tisa mchana na giza limeshaingia. Nje kunanyesha kitu kisichojulikana kama ni mvua au theluji. Nimelia kwenye treni kutoka kazini mpaka nyumbani, na hakuna aliyeniangalia.

Shamba letu la Meru linauzwa.

Karimi, mdogo wangu, alinipigia nikiwa mapumzikoni, katika makao ya wazee ninakofanya kazi. Kaka yetu Mutuma ameleta mpimaji, na vigingi vimeanza kuchomekwa katikati ya kahawa. Karimi ndiye anayelima pale. Tangu ndoa yake ivunjike amerudi nyumbani, akafufua mibuni aliyoiacha baba, na kwayo analea watoto watatu. Mutuma anaishi mjini, huonekana wakati wa mavuno.

Niseme ukweli, maana hapa sina wa kumdanganya. Baba alipofariki, Mutuma alitutumia karatasi za wakili: mabinti tumwachie yeye urithi, kama ilivyo desturi kwetu. Aliapa Karimi atalima pale maisha yake yote. Mimi nilitia sahihi siku ileile. Karimi alikataa. Nikampigia kila jioni kwa wiki mbili, nikimwambia asitutie aibu, asigombane na kaka kwa ajili ya udongo. Udongo! Mimi ninayeotesha nyanya mbili kwenye balkoni na kujiita mkulima.

Alitia sahihi kwa sababu mimi ni dada mkubwa.

Leo hakunilaumu. Afadhali angenitukana. Alisema anarudi kupalilia, nikamwuliza anapalilia nini tena.

"Dada, kahawa haijui kuna mnunuzi," akasema, akakata simu.

Nilipomweleza binti yangu, alinijibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake: "Men du skrev ju under, mamma." Lakini si ulitia sahihi, mama. Hakuwa na ubaya. Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Ili kuzuia mauzo hayo, niko tayari kusimama mbele ya hakimu nieleze kiapo cha Mutuma, na jinsi nilivyomsukuma Karimi. Mutuma hatanisamehe. Ukoo utasema Ulaya imeniharibu. Na huenda nimechelewa.

Lakini kesho asubuhi, kabla ya kumtafuta wakili yeyote, nitampigia Karimi nimwulize yeye anataka nini.

Katika yote haya, sijawahi kumwuliza.