Nilikwenda Kuomba Gogo

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa kwa sababu ya umri, nyumbani huitwa Sauti
Umri: miaka 16
Kazi: mwanafunzi
Makazi: kwa mama yake, nyumba ya kona nyuma ya zahanati
Shauri: wizi wa gogo kutoka ua wa jirani

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nyumbani wananiita Sauti kwa utani, kwa kuwa ndicho kitu nisichokuwa nacho. Nimemwomba Afande niandike mwenyewe, maana nikisema maneno yananikwama kooni. Mama amekaa nyuma yangu. Nimeambiwa lazima awepo, nikaomba asikae mbele. Haya nitakayoyaandika hajawahi kuyasikia.

Mwanzoni mwa mwezi huu Mama alianza kupamba sebule yetu upya. Alikuwa ameona kwenye simu picha za nyumba za kisasa ambazo ndani yake unajihisi kama uko nje: kuta za kijani kilichopauka, taa za kusukwa kwa ukindu, mapazia ya kitani yasiyopigwa pasi, mimea kila pembe. Alitoa kabati la vioo. Alitupa hata maua ya plastiki yaliyokaa juu ya televisheni tangu sijazaliwa, ambayo mimi ndiye niliyekuwa nikiyaosha kwa sabuni. Rangi tulipaka wenyewe. Baba alifariki nikiwa darasa la nne, na sebule ilikuwa vilevile tangu siku ya msiba. Mama hakusema kwamba ndiyo sababu, nami sikumuuliza.

Kilichobaki kilikuwa meza ya katikati. Mama hakutaka meza ya dukani, alitaka gogo zima. Fundi seremala alimwambia, "Mama Sauti, wenzako wanatoa miti waweke vioo, wewe unarudisha msitu ndani. Na nyoka niwaletee?" Mama akamjibu kwamba nyoka wa kwanza atakuwa yeye, akichelewesha kazi. Tulicheka.

Gogo alilolitaka Mama lilikuwa uani kwa jirani yetu, ambaye namwita Babu ingawa hatuna undugu. Lilikuwa limelala kando ya mlango wake wa jikoni, na upande wa juu lilikuwa linang'aa bila vanishi. Mama alikuwa akiliona kupitia dirishani kwetu. Alisema hakuna msasa unaoweza kutoa mng'ao ule. Ulitokana na kukaliwa. Babu na marehemu mkewe walikalia gogo hilo jioni miaka mingi wakichambua mchele, na siku hizi hulikalia peke yake akivua viatu.

Mnamo tarehe 9, siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi, Mama alinituma nikaliombe. Alisema Babu ananipenda, hawezi kuninyima. Njiani nilifanya mazoezi ya sentensi yangu. Niliipanga kwanza kwa Kiingereza, kwa sababu shuleni kwa lugha hiyo tunafundishwa kuomba kitu kwa sentensi moja ukamaliza. Kisha nikaigeuza kwa Kiswahili.

Babu alifungua mlango. Nikamwamkia. Akaitikia, akauliza hali ya Mama, masomo, kikohozi changu cha mwezi uliopita, na kama rangi imekauka. Nilijibu yote vizuri. Halafu akaniuliza, "Kuna jambo, mjukuu wangu?"

Nilisema, "Hapana, Babu. Nimekuja kukusalimia tu."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Ila naomba iandikwe kilichofuata. Babu alishika fremu ya mlango, akasema hajui ni lini mtu alivuka mtaa kuja kumsalimia tu. Alinikaribisha ndani, akanipa chai, akanionyesha picha za mkewe. Kila nilipotaka kutoa ile sentensi niliona nitamnyang'anya kitu kikubwa kuliko gogo. Nikaondoka bila kuomba.

Nyumbani Mama alikuwa juu ya ngazi anatundika taa. Aliniuliza kama Babu amekubali. Nikaitikia kwa kichwa. Nilidhani nitarudi kwa Babu kesho yake nimwombe kweli, uongo wangu uwe ukweli kabla haujamdhuru mtu. Kesho yake sikwenda.

Mnamo tarehe 11, siku ya Jumatatu, nikiwa shuleni, Fundi alikuja na mkokoteni akalichukua gogo. Babu alikuwa kliniki. Aliporudi aliona nyasi zilizopauka pale lilipokuwa, akaja hapa kituoni kutoa taarifa. Siku iliyofuata gogo lilikutwa kwenye karakana ya Fundi, naye akakamatwa. Alieleza kwamba ametumwa na Mama. Mama akaeleza kwamba Babu alinipa mimi ruhusa.

Jana, tarehe 13, saa kumi na moja jioni, Babu na mwanawe wa kiume walikuja kwetu. Mwanawe anaishi mbali na alikuwa amefika siku hiyo. Walikaa sebuleni, harufu ya rangi bado ipo, na katikati ya mkeka pako wazi pale palipoachwa kwa ajili ya gogo. Mama alieleza kwa heshima kwamba pengine Babu alikubali akasahau, umri nao una mambo yake. Mwanawe akasema si mara ya kwanza, juzi alisahau sufuria motoni, sasa anasahau hata alichogawa. Alisema mwisho wa wiki atamhamishia kwake na nyumba itapangishwa.

Babu hakubishana naye. Alinigeukia mimi. Alisema, "Mjukuu wangu, siku ile ulipokuja, nilikubali?"

Niliangalia mkeka. Mama akanijibia, "Ulikubali, Baba. Huyu mtoto hajui kusema uongo."

Babu akasema, "Basi nilikubali. Kichwa hiki." Akacheka kidogo, kama mtu anayeomba radhi kwa kumwaga maji. Kisha akasema asubuhi atakuja kufuta shauri, Fundi wa watu asiteseke kwa sababu ya uzee wake.

Afande ameniuliza kwa nini nimekuja, wakati Babu yuko pale nje kwenye benchi tayari kufuta shauri, na Fundi angetoka leo hii hata ningekaa kimya. Nimekuja kwa sababu hiyo hiyo. Ningekaa kimya kila mtu angerudi nyumbani, isipokuwa Babu.

Babu hakusahau kitu. Anakumbuka hata kikohozi changu. Hakuna aliyemwomba gogo, kwa hiyo hakukubali na hakukataa. Fundi alitumwa na hakuiba. Mama aliamini nilichomwambia. Mwenye kosa ni mimi.

Nimeyaandika kwa mkono wangu bila kulazimishwa, na yote ni kweli.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya ofisa: Shahidi amefika kwa hiari yake akiwa na sare ya shule na kuandika mwenyewe mbele yangu, mama yake akiwepo. Mama alipoulizwa kama ana la kuongeza, alisema hana, akaomba maji ya kunywa. Alikunywa nusu, nusu akampa shahidi. Gogo limehifadhiwa stoo; limepigwa msasa upande wa chini tu, upande wa kukalia haujaguswa. Fundi ataachiwa leo. Mwana wa mlalamikaji ameitwa ili asomewe maelezo haya.

Wakati shahidi akitoka, mlalamikaji alikuwa bado kwenye benchi nje ya mlango na hakuwa amejulishwa chochote. Shahidi alimwamkia. Mlalamikaji aliitikia, akamuuliza kama kuna jambo. Shahidi alijibu kwa sauti niliyoisikia nikiwa mezani kwangu: "Lipo, Babu." Akaketi karibu naye.