Shukrani Iliyotangulia

1 Desemba

Kitindamimba wangu,

Hujambo, mama? Na huyo mume wako mpole hajambo? Huku tu wazima. Mama yako ana mafua kidogo, mimi sina hata chafya, ila goti tu linajifanya zee kuliko mwenyewe.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Herufi zimelala kidogo lakini zinasomeka, na wapo madaktari wenye mwandiko mbaya kuliko huu.

Sasa sikia. Jana ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Mchungaji akauliza nani ana maombi, watu wakapanga foleni, huyu mguu, yule kesi. Akauliza nani ana shukrani, kimya. Nikasimama mimi. Nikasema, namshukuru Mungu kwa mjukuu aliyenipa kwa binti yangu. Wakauliza, amezaliwa lini? Nikasema bado, lakini Mungu si fundi wa kuchukua kazi halafu akatoroka. Kanisa zima likapiga makofi. Hata mama yako alipiga, ingawa alianza kwa kunikanyaga.

Kula, lala, usibebe ndoo.

Baba yako,
Fundi Brashi

7 Desemba

Shikamoo baba,

Sisi tunaendelea. Mwambie mama pole ya mafua, na siku nyingine akanyage kwa nguvu zaidi.

Baba, kwa nini? Habari hii niliwaambia wewe na mama tu. Miezi saba nalificha tumbo chini ya koti, hata jirani nampita mbio. Mara mbili zilizopita ulitangaza, na mara zote mbili ni mimi niliyebaki kuwajibu watu. Unajua ilivyo mtu kukuuliza sokoni, mbele ya wauzaji, "Mtoto mzima?" nawe huna mtoto?

Nakuomba. Jumapili simama tena, uirudishe ile shukrani. Waambie lilikuwa ombi.

Mwanao

10 Desemba

Kitindamimba,

Salamu zako zimefika, na hasira zako pia zimefika, hazikuharibika njiani. Mama yako amepona. Mimi niko vilevile, imara.

Sirudishi. Sadaka ikishaingia kapuni haidaiwi.

Mimi nimepaka rangi shule mbili, zahanati, na nyumba ya mchungaji ndani na nje. Mkono wa kwanza wa rangi huwa mbaya siku zote, ukuta unaonekana kama una ukurutu. Mwenye nyumba anapiga kelele. Namwambia, kaa pale unywe chai, ngoja ikauke. Hakuna ukuta ulionishinda, uliza popote. Zile mara mbili zilikuwa mkono wa kwanza, basi. Mariamu naye aliimba kabla hajamwona mtoto. Mungu ameahidi, wewe ngoja.

Baba yako

15 Desemba

Shikamoo baba,

Naandika nikiwa nimelala. Juzi nilianza kutokwa na damu, mume wangu akanikimbiza hospitali. Wamenilaza, kitanda wamekiinua upande wa miguu kwa matofali, hata kukaa nimekatazwa. Mtoto bado anacheza. Daktari anasema tungoje, lakini yeye haahidi kitu.

Baba, wale hawakuwa mkono wa kwanza wa rangi. Walikuwa watoto.

Mariamu aliahidiwa, ndiyo. Malaika alimjia yeye, akamtajia mtoto na jina lake. Mimi amenijia nani? Nimeipekua Biblia ya hapa wodini, sijaona palipoandikwa habari zangu. Kama unapajua, nioneshe. Kama hupajui, usiniambie nishukuru. Hata kuomba siwezi.

Mwanao

19 Desemba

Mwanangu,

Leo sikuulizi hali, umeshanieleza.

Nimetafuta kama ulivyosema. Kusoma kwangu unakujua, kidole mbele mimi nyuma. Mama yako alitaka kunisomea nikamkatalia. Kutwa nzima nilishinda kwenye Mathayo sura ya kwanza, na yale majina ya fulani akamzaa fulani yalinitoa jasho kuliko dari la zahanati.

Sikuona habari zako. Hakuna mahali Mungu aliposema mtoto huyu ataishi. Aliyeahidi ni mimi, halafu nikaweka sahihi ya Mungu chini yake.

Nilichokiona ni lile jina la mtoto wa Mariamu tu, maana yake Mungu pamoja nasi. Kusema kweli nilikasirika. Nikasema, ndiyo hili tu? Kisha nikakufikiria wewe umelala hapo unatazama dari, nikaona kumbe si dogo.

Wale wawili sikuwataja vizuri. Walikuwa wajukuu zangu. Nisamehe, mama.

Jumapili mama yako atasimama kwenye foleni ya maombi, akuombee, maana wewe huwezi. Yeye ana pumzi za kuombea watu watatu. Mimi nakuja. Najua, tangu nijenge nyumba hii sijalala nje yake, na nimejisifu kwa hilo miaka yote. Basi. Kama ni kumbeba mtoto nitambeba, na kama ni kulia tutalia, hata kulia najua kuliko wengi.

Usijibu. Barua haitanikuta.

Baba yako

24 Desemba, benchi la nje ya wodi

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, gari lilinitikisa mpaka meno, lakini nimefika. Muuguzi ananizuia, eti wanaume ni saa kumi. Nimemwambia mimi si mwanaume, ni baba. Hakucheka, ila amekubali kukuletea karatasi hii. Mkwe wangu nimemtuma akale, amekonda kama ufito. Ukuta wa hapa umepakwa vibaya sana, ila nimenyamaza.

Vipi?

Baba yako

24 Desemba

Shikamoo baba,

Sauti yako ilifika kabla ya karatasi. Wodi nzima sasa wanajua umepaka rangi shule mbili.

Anacheza. Damu imeanza tena, na daktari anasema hawawezi kungoja zaidi, watanipasua leo. Nimemuuliza kama mtoto atakuwa mzima, akanishika bega tu.

Naogopa, baba. Asubuhi nimeomba. Maneno mawili tu, "kaa nami."

Wamekuja na kitanda cha magurudumu. Nikitoka huko, vyovyote itakavyokuwa, utakuwa bado uko hapo?

Mwanao

24 Desemba

Nipo. Nimeshavua na viatu.

Baba yako