Machozi ya Fakhrul kwa Tembo wa Katuni

Ipoh,
Jumapili asubuhi

Kwako Dada Suraya,

Salamu zangu zivuke bahari zikufikie huko Kuching, zikukute u mzima pamoja na shemeji na huyo mtoto ambaye Mama anaapa kwamba amechukua pua yake. Je, kikohozi chake kimepoa? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mama anakula, magoti yanamsumbua kama kawaida, na bado humgombeza Baba kwa kuacha mlango wa bafu wazi, halafu anakumbuka na kunyamaza.

Nimeona nikuandikie maana kwenye simu ungenikatiza kila neno, nami leo nataka niseme mpaka mwisho.

Bila shaka unamkumbuka Bulat, yule tembo mdogo wa katuni tuliyemtazama utotoni mpaka kanda ikakwama. Basi wametoa sehemu ya pili. Ungedhani ni ya watoto? Thubutu! Mji mzima umepagawa, na waliopagawa ni watu wenye ndevu. Mchumba wangu Fakhrul, mhandisi wa madaraja, mtu mwenye sahihi inayotegemewa na malori, alinijia hapa nyumbani amevaa masikio ya tembo ya kitambaa. Majirani wote wakaona. Mama akaninong'oneza akiuliza kama Fakhrul ana homa.

Ukumbini tuliwakuta wenzake na vitambi vyao, kila mmoja na masikio yake. Watoto wachache waliokuwemo walionekana kama wamewasindikiza wazee wao hospitali. Kuna mwanamke, mwalimu mkuu wa shule nzima, alikuwa amempakata mdoli wa Bulat na kumlisha bisi. Nilitamani nijifiche chini ya kiti.

Hadithi yenyewe ni hii: Bulat amekuwa mkubwa, anarudi msituni na kumkuta baba yake mzee yu taabani. Anasimama naye mpaka mwisho. Basi. Lakini Fakhrul hakungoja hata huo mwisho. Alianza kwikwi lilipotokea jina la filamu, na baba tembo alipopiga magoti, akapiga ukelele kama aliyebanwa na mlango. Mtoto wa kike aliyekaa mbele yetu akageuka, akamuuliza mama yake mjomba huyu analilia nini. Mama mtu akamjibu, "Geuka mbele, mwanangu. Tumbo linamuuma."

Baadaye tukaingia mgahawani, karibu na kituo cha reli, kwa chai ya maziwa na chapati. Fakhrul, macho mekundu, akatangaza mbele ya wote kwamba filamu hii imemfundisha maana ya kumuaga mzazi. Alisema mtu asiyeililia hana moyo, na akanitazama mimi.

Dada, wewe ulikuwepo tulipomzika Baba. Unajua nani hakuonekana. Alituambia ametumwa Johor, eti daraja limepata ufa, akaja siku ya hitima na kikapu cha machungwa. Shangazi Rokiah aliponicheka, mimi ndiye niliyemtetea. Nilimwambia kazi ni kazi.

Sasa sikia. Rafiki yake Jeevan, mtu mwema asiye na hila, kinywa kimejaa chapati, akaanza kumtania. "Wewe huna lolote! Si ulilia hata ile Jumamosi tulipopanga foleni Kuala Lumpur? Tangu alfajiri, jamani, halafu kufika zamu yake midoli wakubwa wa Bulat wamekwisha!"

Nikamuuliza Jumamosi ipi. Akajibu, kwa furaha zake, ile ya mwisho kabla ya Ramadhani.

Ndiyo ile tuliyomlaza Baba ardhini.

Nilimgeukia Fakhrul. Alikuwa akikoroga chai ambayo haikuwa na haja ya kukorogwa. Akasema, "Mazlina, ningekwambia ungenielewa kweli? Mimi moyo wangu mwepesi. Siwezi kutazama maiti."

Nikamwambia, "Moyo wako si mwepesi, Fakhrul. Ni kama bisi. Makelele mengi, ndani hewa tupu."

Jeevan akaweka chapati chini, akayavua masikio yake. "Kaka," akamuuliza taratibu, "ilikuwa siku ya mazishi ya mkweo?" Fakhrul akaanza kulia tena, Dada, na safari hii alitaka mimi ndiye nimbembeleze.

Kwa hiyo, kabla Shangazi Rokiah hajakuletea habari hii na chumvi zake: nimevunja uchumba. Pete niliivua palepale nikaiacha kwenye kisahani chake, nikarudi nyumbani kwa teksi. Usinipigie kuniuliza kama nimefikiri vizuri. Nimefikiri.

Nilimwogopa Mama tu. Alikuwa amekwisha kuchagua hata kitambaa cha harusi. Nilimweleza yote jikoni, akasikiliza mkono umeshika jokofu. Nilipomaliza akaniuliza swali moja: "Na huyo mdoli, alimpata?" Nikamwambia hakumpata, walimwishia mbele ya macho. Mama akacheka. Alicheka mpaka akaliegemea jokofu, machozi yakimtoka, akajaribu kunyamaza, akashindwa. Sijamsikia akicheka hivyo tangu tutoke makaburini.

Na hili ni lako peke yako. Pale baba tembo alipomwambia mwanawe asimsubiri tena, mimi pia nililia. Nililia kimya, nimegeuza uso ukutani, Fakhrul asije akafurahi. Filamu haina kosa. Tembo hakumtuma mtu kudanganya.

Msalimie shemeji, mbusu mtoto penye ile pua ya Mama. Mama anakuombea dua na anasema usisahau kumpaka mtoto mafuta kifuani.

Ni mimi mdogo wako, nisiye na mchumba na mwenye afya tele,

Mazlina