Kitambaa cha Baba Ciakuthii

Mukiri, niko kando ya barabara Mikinduri na natamani ardhi inimeze.

Si leo tumeleta mahari ya Ciakuthii kwao? Nikajigamba mbele ya wazee eti mimi hukagua oili ya gari kila asubuhi. Kila asubuhi, Mukiri!

Nikajitolea kumpeleka babake sokoni. Hata hatujafika, injini ikagonga, ikazima. Na mzee ameendesha lori la miraa miaka ishirini! Akafungua boneti mwenyewe, akachomoa dipstiki, ile fimbo ya kupimia oili, akaipangusa na kitambaa chake cha mfukoni. Kikabaki cheupe. Cheupe pe! Oili hakuna hata tone.

Akakikunja polepole, akanipa.

"Kithinji, mpelekee Ciakuthii. Umweleze mwenyewe."

Bado nimekishika. Kinanukia sabuni.