Mtihani wa Lilian, Ajenda ya Nne

Hounslow, London,
30 Novemba 2025

Mpendwa wifi Aikaeli,

Habari za Machame? Mgongo wako unaendeleaje, na Mama ameanza kula vizuri? Mpe shikamoo yangu, na mwambie magadi aliyonifungia yalifika salama. Sisi huku tunapumua. Baridi imeshika, na jana nimetoka kazini miguu imevimba. Wale wazee ninaowahudumia hawajui Jumamosi.

Nimeona picha za harusi ya Ndeshi. Mwanao alipendeza, Mungu awatunze yeye na mumewe. Sikuandika neno kwenye grupu, na nimesikia unawauliza watu wifi yako amenunia nini. Basi nakujibu mwenyewe, kwa barua, maana kule mko arobaini na saba na kila mmoja ana la kusema.

Nimenuna kweli.

Unajua Lilian alikuwa anajiandaa tangu Pasaka kwa mtihani wa kuingilia udaktari. Hapa mtu anaufanya mara moja tu kwa mwaka, kati ya Julai na Septemba, na siku anachagua mwenyewe. Alichagua tarehe tano Agosti. Aliizungushia duara jekundu kwenye kalenda ya kanisa, pale jikoni.

Ndipo kamati yako ya sendofu ya kumuaga Ndeshi ikamtaka awe mpambe wake, na awepo huko tangu Julai kwa mazoezi ya kuingia ukumbini. Wifi, mtihani wa mwanangu mliuweka ajenda ya nne, katikati ya keki na mapambo! Nilikuwa nawasikiliza kwenye simu. Shemeji Godson akauliza, mtihani gani huo mtu anajipangia siku? Kwetu siku inapangwa na serikali, ukiumwa shauri yako. Huu unaosogezwa, usogezwe. Watu wakacheka, na wewe mwenyekiti ukasema limepita.

Na mimi, mama mzima, nikakubali. Hapo ndipo panaponiuma. Niliwaza kama Godson, tena nikajidanganya kwamba siku zikiongezeka na kusoma kutaongezeka. Nikamkalia mtoto kooni mpaka akafungua kompyuta. Zilikuwa zimebaki nafasi za mwisho wa Septemba tu. Alibadilisha tarehe huku analia, nami nikamwambia aache maringo ya Kizungu.

Halafu nini? Mkaahirisha sendofu yenyewe! Wiki tatu nzima, eti upande wa bwana harusi hawajajipanga. Tarehe tano Agosti mwanangu alikuwa kwa fundi anapimwa gauni. Vidonge vyake vya kuzuia malaria vilikuwa vya siku alizopanga kukaa. Vikaisha angali huko, na hakuna aliyekumbuka kumuuliza, hata mimi.

Asubuhi ya mtihani, ameshanirudia huku London, aliamka anatetemeka. Akavaa hivyohivyo, akachukua pasipoti yake ya kujitambulisha kwenye mtihani, akaanguka kwenye ngazi kabla hajafika mlangoni. Hospitali wakasema ni malaria. Amepona, namshukuru Mungu. Lakini ile ilikuwa siku ya mwisho kabisa, na baada ya hapo ni mpaka mwakani. Sasa wenzake wameanza kuitwa kwenye usaili wa vyuo, na yeye anawatakia heri kwenye simu kisha anaingia chumbani na kufunga mlango.

Sikulaumu peke yako. Ukimnyooshea mwenzako kidole kimoja, vitatu vinakurudia, na mimi vyangu navihesabu kila siku. Ila usimwambie tena Lilian kwamba Mungu ana makusudi yake. Mungu hakuwemo kwenye ile kamati, wifi. Tulikuwemo sisi.

Baba Lilian anakusalimu. Nisalimie Mama, na shemeji Godson pia, ingawa moyo unagoma. Ndeshi mwambie hana kosa lolote. Bwana aijaze nyumba yake watoto na amani.

Salamu za Lilian sikuletei, hajanipa. Jana nilimuuliza mwakani atafanya mtihani lini. Akanijibu kwa Kiingereza, taratibu, bila hasira, kwamba siku ameshaichagua, na mimi nitaijua akishatoka kwenye chumba cha mtihani. Leo kanisani tumegawiwa kalenda mpya. Nimeitundika palepale jikoni, nikamwekea na kalamu nyekundu karibu. Amepita, ameitazama, na kalamu ameirudisha kwenye droo.

Wifi yako, nikupendaye hata nikinuna,
Haika