Tuliomba Homa Ipande

Lufkin, Texas

Shangazi Verna,

Pichi zimeiva, na kanisa limepakwa rangi mpya.

Umeuliza mdogo wangu Twyla alikufaje. Chupa ilipasuka mimba ikiwa changa, mtoto asingeweza kupona, lakini moyo wake ulikuwa bado unapiga. Daktari alisema huku anatazama sakafu, "Moyo ukiwa unapiga, sheria ya hapa hainiruhusu kuitoa mimba mpaka mama awe hatarini. Rudini homa ikipanda."

Tukakaa garini nje ya hospitali, Twyla na kipimajoto mdomoni. Kila nilipokisoma aliuliza, "Dada, bado tu?"

"Bado, mpenzi. Hebu tuombe."

Tukashikana mikono, tukaomba homa ipande.

Ikapanda, Shangazi, na haikushuka tena. Siku hizi kanisani wakisema tuombe, mimi nanyamaza. Nilishajibiwa.

Binti wa kaka yako,
Marlys